Nyuzi Chini ya Bati

Jumapili, 2 Machi

Mvua zimeanza leo, mapema kuliko tulivyozoea. Nilikuwa nimeanika mapazia ya mteja nyuma ya duka, yale mazito ya ukumbi wa mikutano, na kabla sijayafikia yalikuwa yamelowa chapachapa. Nimeyaingiza ndani kama nabeba mtu aliyezimia.

Msimu huu biashara yangu hulala. Hakuna anayetaka kupimiwa madirisha huku anakanyaga tope. Kwa hiyo nimejiambia kwamba badala ya kukaa mlangoni nikipiga miayo, nitaandika kila siku, hata kama ni mstari mmoja.

Nianze na kinachonipa raha. Kwenye simu yangu kuna kundi linaitwa Nyuzi na Pumzi. Ni watu wa miji mbalimbali tunaopenda muziki wa okestra, fidla, piano, na vyote vya ukoo huo. Alilianzisha Mzee Redio, yule mtangazaji aliyekuwa akituwekea muziki huo kila Jumapili mchana, enzi nikijifunza kushona. Alipostaafu, kipindi kikafa, naye akakihamishia kwenye simu. Majina yetu halisi hatuyatumii. Mimi ni Pazia. Kuna Mama Pacha, anayepiga fidla pacha wake wakiwa shule. Kuna Ufunguo, fundi wa kurekebisha sauti za piano. Na kuna Nukta.

Nukta hana salamu wala pole. Mtu akisema kazi fulani ni tamu, yeye atauliza utamu uko wapi hasa. Na akimaliza kutoa hukumu, anaandika: "Nukta."

Jumatano, 5 Machi

Leo kundini kumewaka. Swali la Mzee Redio la asubuhi lilikuwa: je, ni vibaya kupiga makofi kati ya sehemu na sehemu ya kazi moja?

Mama Pacha: "Mimi mikono yangu haijui sheria. Ikifurahi inapiga."

Ufunguo: "Ukipiga makofi katikati unaniamsha."

Mimi: "Kumbe huwa unalala!"

Ufunguo: "Nafumba macho nipate kusikia vizuri, dada yangu. Halafu yanakataa kufumbuka."

Nukta: "Anayepiga makofi katikati ameogopa kimya. Nukta."

Nilicheka mwenyewe dukani mpaka mteja aliyekuja kuulizia pazia la bafuni akanitazama vibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Sijauza hata kitambaa cha meza.

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu alikuja baada ya zamu yake. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mtu wa maneno machache. Mama yetu alipofariki alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, kwa hiyo nimemlea mimi. Mpaka leo akiingia kwangu nakagua kola ya shati lake, naye hunyoosha shingo bila kuambiwa.

Shule aliyosoma ilipewa msaada wa vyombo vya nyuzi, na kimoja kilikuwa kikubwa kidogo kuliko fidla zingine. Wenzake walikikwepa kwa sababu sauti yake haikuwa ya kujionyesha. Yeye akakichukua. Ndiyo viola anayopiga mpaka leo, chumbani kwake, mlango umefungwa.

Leo alikula, akaosha sahani yake, kisha akakaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Dada, una nafasi ya kusikiliza kitu?"

"Kitu gani?"

"Sikiliza kwanza."

Ilikuwa kazi ya vyombo vinne: fidla mbili, viola na sello, ile kubwa ya sauti nzito inayopigwa mtu akiwa ameketi. Sauti zilikuwa za kompyuta, kavu kidogo, lakini muziki wenyewe! Sehemu ya kwanza ilikuwa kama watu wanne wanaongea mezani, kila mmoja anamalizia sentensi ya mwenzake. Mume wangu, ambaye ni fundi bomba na muziki wetu humletea usingizi tu, aliacha kutafuna.

"Ya nani hii?" nikauliza.

Mdogo wangu akatazama sakafu. "Yangu."

Sikuwa najua. Miaka yote hii nimekagua kola yake, na sikujua kichwani mwake kuna watu wanne wanaongea.

Jumanne, 11 Machi

Aliniachia nakala kwenye simu nisikilize tena. Hakuniambia niitume. Mimi nimeituma.

Nilishindwa kukaa nayo. Tangu Jumamosi nimekuwa natembea dukani kifua mbele kama niliitunga mimi. Leo asubuhi nikaiweka kundini: "Hii ni kazi ya mdogo wangu wa tumbo moja. Semeni."

Mama Pacha alijaza mioyo skrini nzima. Ufunguo aliandika kwamba amesikiliza macho wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzee Redio alituma ujumbe wa sauti, kwa ile sauti yake ya zamani: "Pazia, hongera kwa kulea." Nikafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Kisha Nukta.

"Sehemu ya kwanza: mtunzi anajua kusikiliza watu. Sehemu ya tatu: nzuri, ndefu mno. Sehemu ya pili inaogopa. Kila wazo zuri likitaka kusimama, anaharakisha kulikalisha. Viola ndiyo yenye la kusema, naye ameificha nyuma ya sello. Mtu huyu anajificha ndani ya kazi yake mwenyewe. Nukta."

Damu ilinipanda. Niliandika: "Wewe umetunga nini mpaka useme ya wenzako? Umekaa huko gizani unang'ata watu. Onyesha chako basi!"

Nukta hakujibu.

Jumatano, 12 Machi

Nilimfuata mdogo wangu hospitali wakati wa chakula cha mchana, bora asikie kwangu. Tulisimama kwenye ukumbi mrefu unaonuka dawa ya sakafu. Nikampa simu.

Alisoma taratibu. Hakugusa mioyo ya Mama Pacha. Alisimama kwenye maneno ya Nukta, akayarudia, kisha akasoma jibu langu.

"Nani alikuambia utume?"

"Mdogo wangu, ni kazi nzuri, watu lazima..."

"Nimekuuliza nani alikuambia."

"Hakuna."

"Haikuwa imeisha, Dada. Nilikuletea wewe kwa sababu haikuwa imeisha."

"Huyo Nukta usimjali. Huyo ni mtu wa kuchoma wenzake. Nimemkomesha."

Alinirudishia simu. "Umenitetea kama nimegombana na mtoto wa jirani. Nina miaka thelathini na mbili." Akavaa kofia yake ya kitambaa, akasukuma mlango wa chumba cha upasuaji, ule ambao mimi siruhusiwi kupita.

Alhamisi, 13 Machi

Hapokei simu.

Ijumaa, 14 Machi

Hapokei. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Mume wangu anasema nimwache apumue. Nimemwambia apumue yeye na mabomba yake. Halafu nikaona aibu, nikampikia anachopenda.

Jumatano, 19 Machi

Kundini siandiki. Wanabishana kama filimbi ni chombo au ni kelele yenye matundu. Siku nyingine ningekuwa mstari wa mbele.

Jumapili, 23 Machi

Leo jina jipya limeingia kundini: Sauti ya Kati.

Mzee Redio akamkaribisha kama kawaida, akamuuliza nini kimemleta. Jibu likaja:

"Nimetunga ile kazi iliyotumwa na Pazia. Namwomba radhi Nukta kwa alivyojibiwa. Nukta, umesema sehemu ya pili inaogopa. Ningependa kujua inaogopa wapi."

Nilikuwa nimekaa kitandani. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mume wangu akauliza kama kuna nyoka.

Nukta alijibu baada ya muda mrefu, na jibu lilikuwa refu. Alitaja mahali hasa, mstari kwa mstari. Hapa viola inaanza swali, fidla inaingilia kabla halijaisha. Hapa umeweka kilele, ukakivunja kwa mzaha. Hapa umerudia wazo kwa sababu hukuliamini. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Kwa mara ya kwanza hakumalizia kwa neno lake. Alimalizia: "Ungekuwa huna kitu nisingejisumbua."

Jumanne, 25 Machi

Wanaongea kila siku, yeye na Nukta, mbele yetu sote. Nukta akisema hiki, mdogo wangu anakubali. Akisema kile, mdogo wangu anakataa, tena anakataa hasa! "Hapana, hapo sibadilishi, na nitakuambia kwa nini." Sikuwahi kumsikia akikataa kitu. Kwangu alikuwa anakula hata mboga asiyoipenda.

Ninaona wivu kidogo. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumamosi, 29 Machi

Amekuja. Sikukagua kola, ingawa ilikuwa imekunjika upande mmoja na mikono yangu iliwasha.

"Nisamehe," nikasema mlangoni, hata hajafunga mwavuli.

"Nilishakusamehe. Nilikuwa na kazi tu." Akaingia, akavua viatu. "Lakini Dada, kitu changu kikiwa changu, niulize."

"Nitakuuliza."

"Hata ukiwa na furaha."

"Hapo ndipo pagumu," nikamwambia, akacheka. Nilikuwa nimeukumbuka mno ule mcheko wake wa puani.

Ijumaa, 4 Aprili

Mafuriko madogo dukani. Nimeinua vitambaa vyote juu ya meza. Mashine iko salama.

Jumanne, 8 Aprili

Ametuma sehemu mpya ya pili. Yeye mwenyewe.

Viola inaanza peke yake. Hakuna anayeisaidia. Inasema neno lake polepole, wengine wanangoja, na wanapoingia wanaingia chini yake, kama watu wanaonyanyua kitu kizito pamoja. Nilisikiliza dukani, mlango nimefunga.

Kundi lilisubiri. Wote tulijua tunamsubiri nani.

Nukta: "Sasa inapumua. Nani anapiga?"

Mama Pacha: "Fidla ya kwanza niko hapa, nipeni nota na mtu wa kunilindia pacha."

Ufunguo: "Kabla ya piano nilikuwa mtu wa fidla. Ya pili naiweza, nikiahidiwa kuwa hakuna wa kunirekodi mazoezini."

Mdogo wangu: "Viola nipo. Tunakosa sello."

Nukta: "Sello ninayo."

Halafu akatuma ujumbe wa sauti, wa kwanza tangu kundi lianze. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo. "Nauliza tu kama mji wenu una mahali pa kulala mtu na chombo kikubwa."

Sote tulidhani ni mwanamume! Ufunguo ndiye aliyewahi kuandika: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Nukta. "Na fidla yako uanze kuipiga leo, si siku ya mazoezi."

Nikaandika, kabla ujasiri haujanitoka: "Atalala kwangu."

Alhamisi, 17 Aprili

Nimempokea stendi, kwenye mvua. Ni mama mwembamba, amefunga kilemba cha kijivu, sello ameifunika kwa turubai juu ya mkoba wake, na yeye mwenyewe amelowa mpaka mifupa. Alifunika chombo, akasahau kichwa.

"Wewe ndiye Pazia," akasema.

"Ndimi. Shikamoo. Na yale niliyokuandikia..."

"Marahaba. Ulikuwa unamlinda nduguyo. Ningeshangaa usingefanya hivyo." Akanipa begi lake la nguo. Sello hakunipa.

Jumamosi, 19 Aprili

Mazoezi ya kwanza yalikuwa dukani kwangu. Mama Pacha na Ufunguo wamefika jana na wamelala kwa mdogo wangu na kwa jirani. Nilijivunia kwamba duka langu litakuwa na muziki. Wapi! Vitambaa vyote vile vilimeza sauti. Ilikuwa kama wanapiga ndani ya mto wa kulalia.

"Dada, mapazia yako yana njaa," akasema Ufunguo.

Shule ya wasichana ya hapa jirani, ambayo niliishonea mapazia ya bweni, imetupa ukumbi wake wa mikutano. Una sakafu ya mbao na sauti inatembea vizuri. Ubaya wake ni mmoja tu, paa la bati lisilo na dari.

Jumanne, 22 Aprili

Nukta anaamka mapema kuliko mimi na kufagia uwanja. Leo nilimkuta anapiga sehemu yake ya sello sebuleni, polepole, hajui kama nimesimama.

Wakati wa chai nikamuuliza alijifunzia wapi. Akaniambia alikuwa kwenye okestra kwa muda mrefu, mpaka ilipovunjwa kwa kukosa wafadhili. Wenzake wakatawanyika, wengine wakauza vyombo vyao.

"Tangu hapo napiga sehemu moja ya kazi za watu wanne," akasema. "Unajua inavyosikika? Kama mtu anayeongea na simu chumbani, upande wa pili husikii."

Nikamwongezea chai.

"Ndiyo maana nina mdomo mbaya kule kundini. Mtu akiniletea kitu cha nusu nusu, nakasirika. Nduguyo alikuwa karibu mno na kitu kizima."

Nilikuwa nimemweka huyu mama kwenye kundi la watu wasiopenda watu. Hesabu yangu ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mazoezi. Wamegombana kuhusu mwendo wa sehemu ya tatu. Nukta anataka upungue, mdogo wangu hataki. Mama Pacha alikaa katikati akila karanga. Mdogo wangu ameshinda.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nimewaalika wateja wote kwenye onyesho la Jumapili. Mume wangu amewaalika mafundi bomba, na amewaambia atakayekoroma atamwagiwa maji.

Jumapili, 27 Aprili

Nitaandika taratibu, maana sitaki kusahau.

Mchana ukumbi ulikuwa umejaa kuliko nilivyothubutu kuota. Wauguzi walikuja na sare zao, wengine wakitoka zamu, wengine wakielekea zamu. Alikuja daktari mpasuaji mmoja ambaye mdogo wangu humpa vyombo vya kazi siku nzima bila kuongea. Walikuja wateja wangu, mafundi bomba waliooga wakanukia sabuni, na wanakundi wengine waliosafiri. Tulikuwa tukitazamana usoni, mtu anauliza: "Wewe ndiye fulani? Nilidhani u mnene!"

Mzee Redio miguu yake hairuhusu safari, kwa hiyo tulimpigia simu na kumsogeza kwenye kipaza sauti. Sauti ile ile ya Jumapili zetu ikajaza ukumbi: "Mabibi na mabwana, mnachokwenda kusikia hakijawahi kusikiwa popote. Mtunzi wake yuko mbele yenu, ameshika viola." Nilitazama koti lake. Lilikuwa limekaa vizuri. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji. Wale watu wanne mezani nilioongozana nao kwenye simu msimu mzima sasa walikuwa na mikono, na pumzi, na jasho kwenye paji la uso.

Kisha mdogo wangu akainua upinde kuanza sehemu ya pili, ile ya viola peke yake, na mbingu zikafunguka.

Asiyewahi kukaa chini ya bati lisilo na dari hawezi kujua. Ilikuwa kama lori la kokoto limemwagwa juu ya vichwa vyetu. Nilimwona akipiga. Niliona vidole vikitembea na upinde ukivuta, lakini sikusikia hata chembe. Watu walianza kutazamana. Huko nyuma mtu mmoja alisimama kuangalia mlango. Ufunguo alimtazama Mama Pacha, Mama Pacha akamtazama Nukta, na Nukta hakumtazama yeyote ila mtunzi.

Mdogo wangu akashusha viola.

Mimi nilishainuka. Sijui nilitaka kufanya nini, labda nipande juu ya bati niizuie mvua kwa kanga. Mume wangu akanishika gauni.

"Kaa," akanipigia kelele sikioni. "Mwache."

Nikakaa. Sijawahi kukaa kwa shida namna ile.

Mdogo wangu alisimama, akatembea mpaka ukingo wa jukwaa. Huyu mtu ambaye ukimwita mbele ya wageni anatafuta nguzo ya kuegemea. Alijaribu kusema, hakusikika. Basi akaacha kusema. Akainua mkono, akatuita. Njooni. Akaonyesha viti, akaonyesha sakafu kuzunguka wapigaji. Njooni na viti.

Daktari mpasuaji ndiye aliyeelewa kwanza. Akabeba kiti chake kichwani. Kisha wauguzi, kisha sisi sote, tunaburuta, tunapeana, wazee wanasaidiwa ngazi, mafundi bomba wanapitisha viti juu juu. Waliokosa viti waliketi sakafuni. Tulijipanga duara ndani ya duara mpaka magoti ya mstari wa mbele yakagusa stendi za nota. Simu ya Mzee Redio iliwekwa sakafuni, kwenye mguu wa sello.

Mdogo wangu akakaa, akasubiri tutulie, akaanza tena.

Na tukasikia. Tulisikia mpaka unywele wa upinde ukikwaruza. Mvua ilikuwa ikipiga vilevile, haikupungua, lakini watu wote walikuwa wameinamisha vichwa kuelekea sauti moja, kama wanaota moto. Viola ikasema swali lake lote, hakuna aliyeliingilia. Kisha sello ikaingia chini yake, na nikamwona Nukta akimtazama mdogo wangu na kupumua pamoja naye, na nikakumbuka habari ya simu na chumba. Leo upande wa pili ulikuwa unajibu.

Nililia, bila shaka. Lakini si kilio cha mtu anayemwonea mtoto huruma. Nilimtazama na kwa mara ya kwanza sikuona niliyemlea. Niliona mtunzi, na nikafurahi kwamba nimepata nafasi ya kukaa karibu.

Baada ya sehemu ya tatu ukumbi ulilipuka kiasi kwamba ni bati lililozidiwa. Ufunguo alimkumbatia Mama Pacha na fidla zao katikati. Nukta hakuinama kwa watu. Alisimama, akamshika mdogo wangu bega, akamsukuma mbele yetu, kisha akarudi nyuma na kupiga makofi pamoja na sisi.

Kutoka sakafuni ile simu ikasema kitu. Mtu akaiokota. Mzee Redio alikuwa akiuliza kwa sauti iliyokauka: "Kuna mtu ananisikia? Waambieni imefika. Yote imefika."

Watu walipoanza kutawanyika, nilikuwa narudisha viti. Akaja mama mmoja mwalimu wa muziki kutoka mji mwingine, mwanakundi asiyeandika kamwe, husoma tu. Akamwomba mdogo wangu nota, ili wanafunzi wake waipige mwisho wa muhula.

Mdogo wangu akageuka kunitazama. Ni mtazamo ninaoujua. Ndivyo alivyokuwa akinitazama mtu akimpa peremende, kabla hajanyoosha mkono.

Nikakazana na kiti ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Nitakupa," nikamsikia akisema nyuma yangu. "Lakini nitakuja kwanza niwasikilize. Sehemu ya pili watataka kuikimbiza."